Re: Nyumba ya Mkomani, tuuze sasa au tungoje?

Assalaam aleikum jamaa. Nyumba ya marehemu baba iko Mkomani, mji wa kale wa Lamu, ya mawe, orofa mbili. Warithi ni watano. Mimi niko Toronto na natafuta malipo ya kwanza ya nyumba huku. Jirani anasema kuna Mzungu ameuza yake Shela kwa mamilioni. Tuuze sasa au tungoje bandari ichangamke?

---

Wa aleikum salaam dada. Bei ya Shela iweke kando. Shela ni kijiji kingine cha kisiwa chetu, kina ufuo, na mnunuzi wake anatafuta ufuo. Tena bei inayotajwa barazani mara nyingi ni aliyoitaka muuzaji, siyo aliyotia mfukoni. Tafuta nyumba mbili tatu za Mkomani zilizokwisha kuuzwa na hati ikabadilishwa jina, za ukubwa kama wa yenu, uulize ziliuzwa mwaka gani.

Mwaka ndio wenye maana. Mji wa kale ulipoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, wageni walikuwa tayari wananunua magofu na kuyajenga upya. Kisha yakaja mashambulizi ya Kiwayu na Manda mwaka 2011, Mpeketoni mwaka 2014 na kafyu yake, halafu Korona. Serikali za nje zikiwaonya raia wao wasije, mnunuzi wa nyumba ya mawe haonekani, na mwenye shida ya pesa huuza kwa anachopewa.

Bandari msiitegemee sana. LAPSSET, yaani mradi wa bandari mpya ya Lamu na njia zake za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, ilipozinduliwa Machi 2012, waliokimbiliwa na madalali ni wenye viwanja vya Hindi na Mokowe, huko bara. Nyumba ya Mkomani hufuata wageni, haifuati makontena.

Sasa shilingi, maana wewe utalipa kwa fedha za huko. Chukua nyumba ya shilingi milioni 10 mwaka 2012, dola ya Marekani ikiwa kama shilingi 83: ni karibu dola 120,000. Tuseme imepanda ikafika milioni 15 Januari 2024, dola ikiwa kama 160. Nyumbani watakupongeza, lakini mkononi una dola 94,000 hivi. Mwishoni mwa mwaka huohuo dola ilishuka hadi kama 129, na milioni 15 zilezile zikawa karibu dola 116,000. Hakuna aliyegusa hata tofali.

Lililo kubwa zaidi kwangu ni dari. Mtu apande juu akaangalie chokaa ya paa kama ina nyufa. Maji yakipenya, ncha za boriti huoza ndani ya ukuta, mahali usipopaona, mpaka siku sakafu ya juu inapolegea. Na kama fundi alipiga saruji juu ya kuta za matumbawe ili zipendeze, unyevu umefungiwa ndani na plasta itamenyuka. Mnunuzi mjuzi huyaona hayo kabla hajatazama zidaka, vile vishubaka vya nakshi ukutani, na huyakata kwenye bei. Kila mwaka mnaongoja bila kutengeneza, nyumba inapungua hata kama soko limepanda. Kumbuka mchanga na chokaa hufika mlangoni kwa punda, na hiyo nayo ni gharama.

Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 15 tangu Januari 2023; kabla ya hapo ilikuwa 5. Inatozwa kwenye faida, siyo kwenye bei nzima.

---

Ahsante sana kaka. Ila dada yetu mkubwa bado anaishi humo na watoto wake.

---

Hilo ungelitanguliza, dada yangu. Basi msitangaze kwa dalali yeyote kwanza. Mirathi ipite kwa Kadhi ili kila mtu ajue fungu lake, halafu mlipe mthamini aliyesajiliwa awape bei ya leo, nyumba ilivyo. Dada mkubwa apewe nafasi ya mwanzo kuwanunua mafungu yenu kwa bei hiyo, hata kwa awamu, na mwandikiane. Wewe utapata pesa polepole kuliko ulivyotaka, lakini hutamtoa mtu nyumbani kwake. Akikataa mwenyewe, hapo ndipo mzungumze habari za kuuza nje. Na paa litengenezwe kabla ya mvua za masika, kwa mchango wa wote watano.