Mama mdogo ana saratani ya mlango wa kizazi, ukoo umegawanyika: aanze tiba hapa Dar au tuuze shamba aende India?

Kijukuu cha Rufiji

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri, na wenye maneno makali leo nivumilieni, kichwa hakijatulia.

Mama yangu mdogo ana miaka 52. Alikuwa anatokwa damu wakati hedhi ilishakoma kitambo, akaficha. Tulishtuka pale alipoanza kuhema kwa kupanda vidaraja vya barazani tu. Akapelekwa hospitali, wakakata kinyama, majibu yakarudi saratani ya mlango wa kizazi. Daktari ameandika steji ya 2B. Mpango ni mionzi pamoja na dripu ya kemo iitwayo cisplatin kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Tarehe ya kuanza mionzi ni mwezi ujao, foleni ndefu. Hospitali sitaitaja.

Jana tumekaa kikao cha ukoo Mbagala kwa mjomba. Mjomba anataka shamba la Mkuranga liuzwe, mgonjwa aende India. Binamu yuko Canada, akapigiwa simu, ikawekwa mezani ikiwa kwenye spika. Anasema hapa tunatibiwa kizamani, kwamba siku hizi kuna dawa ya kuamsha kinga ya mwili inaitwa pembrolizumab, na kwamba kuna utafiti umeonyesha mgonjwa akianza na kemo wiki sita kabla ya mionzi anaishi zaidi. Shangazi kwa upande wake ana mtu wake Kariakoo anayeuza unga wa majani ya mstafeli. Muda wote huo mama mdogo yuko kwenye mkeka anachambua mchicha, hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini.

Kwa hiyo wakuu, binamu ana hoja au ametusumbua tu? Na kwa nini wasikitoe hicho kizazi mambo yaishe? Nawasilisha.

Bi Shamsa wa Ilala

Pole sana mwanangu. Kabla ya yote, huyo mama aulizwe. Mwili ni wake.

Tiba za Mizizi

Mstafeli umeponya wengi, mahospitalini wanaficha kwa sababu hauna faida kwao. Nitafute pembeni nikupe utaratibu.

Fundi Saa

Wewe nawe! Majani ya mstafeli yameua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, hilo kweli. Hata jiki itaziua ukiimwagia humo. Nionyeshe jaribio moja kwa wagonjwa ambapo yameponya saratani hii. Na usitudanganye kwamba hospitali zinachukia mimea: paclitaxel, dawa ya kemo inayotumika dunia nzima, ilitolewa kwenye magome ya mti wa Marekani uitwao Taxus brevifolia. Mti ulipoonekana una kitu, walikichuja, wakakipima, wakajua mgonjwa wa uzito huu apewe kiasi gani. Huyo wa Kariakoo anapima kwa kijiko cha chai.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kijukuu, niko kitengo cha saratani, si daktari, kwa hiyo haya yapeleke kwa daktari wenu umuulize.

Nianze na kizazi maana swali hilo tunaulizwa kila siku. 2B maana yake uvimbe umeshatoka kwenye mlango wenyewe ukaingia kwenye nyama za pembeni. Mpasuaji akikata hapo ana hatari kubwa ya kuacha mabaki, na mgonjwa ataishia kwenye mionzi vilevile, sasa akiwa na kidonda juu. Na hili limepimwa India hukohuko mjomba anakotaka kwenda. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilichukua wanawake 633 wenye steji za 1B2 hadi 2B, nusu wakapewa kemo kisha upasuaji, nusu wakapewa mionzi na cisplatin. Majibu yalitoka 2018. Baada ya miaka 5, wasiorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 69.3 upande wa upasuaji na asilimia 76.7 upande wa mionzi. Kwa hiyo mkiuza shamba mkafika Mumbai, kuna uwezekano mkubwa mama akaandikiwa mpango uleule mlioushika mkononi.

Sasa binamu. Kwenye pembrolizumab amesoma kichwa cha habari akaachia hapo. Dawa ni ya kweli. Utafiti wake unaitwa KEYNOTE-A18, wagonjwa 1,060, wote wakipata mionzi na cisplatin, nusu wakaongezewa hiyo dawa. Baada ya miezi 36 waliokuwa hai ni asilimia 82.6 dhidi ya 74.8. Si mchezo. Ila waliochukuliwa ni wenye steji ya 3 hadi 4A, na wa 1B2 hadi 2B ikiwa tu tezi za limfu zimeshaingiliwa na saratani. Marekani walipoiruhusu itumike pamoja na mionzi Januari 2024, ruhusa iliandikwa kwa steji ya 3 hadi 4A. Mama yenu mmesema 2B. Tezi zake zikoje? Hilo ndilo la kuuliza kabla ya kuzungumza habari za ndege. Na dozi si moja: 5 kila baada ya wiki tatu, halafu 15 kila baada ya wiki sita. Karibu miaka miwili. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola elfu kumi kwa dozi ya wiki tatu. Shamba la Mkuranga lina ekari ngapi?

Kuna dawa nyingine ya jamii hiyohiyo, durvalumab, nayo ilijaribiwa pamoja na mionzi kwenye utafiti wa CALLA, haikuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo hata mabingwa bado wanabishana ni nani hasa anafaidika.

Lakini hoja yake ya pili, ya kemo kwanza, isitupwe. Huo ni utafiti wa INTERLACE, uliongozwa na Mary McCormack wa London, ukachapishwa kwenye jarida la The Lancet Oktoba 2024. Wanawake 500 kutoka Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Kundi moja walipata kemo ya carboplatin na paclitaxel kila wiki kwa wiki 6, na wiki ya 7 wakaingia kwenye mionzi na cisplatin kama kawaida. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 80, wenzao waliopata mionzi na cisplatin peke yake asilimia 72. Wengi wao walikuwa steji ya 2, yaani kama mama yenu. Na dawa zenyewe ni za zamani, bei yake haifanani kabisa na hiyo nyingine. Huu ndio ugunduzi mpya unaotufaa watu wa kipato chetu, ila kwa vile hauna kampuni ya kuutangaza, binamu ameutaja mwishoni.

Mpinga Hewa

Nesi umeongea vizuri ila usiwapandishe watu matumaini. Huo utafiti ulianza kuandikisha wagonjwa 2012, wengi wao Uingereza, wamekula wameshiba, damu yao imejaa. Mmama wa kwetu anafika damu imeshamwishia. Ukimpiga kemo wiki sita, akadhoofika, akashindwa mionzi, umemsaidia au umemuua? Mionzi ndiyo inayoponya hapa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hapo hatubishani, Mpinga Hewa. Hata humohumo kwenye INTERLACE, waliopata madhara makali walikuwa asilimia 59 dhidi ya 48 ya kundi lingine, na waliofikisha dozi zote 5 za cisplatin walikuwa asilimia 68 dhidi ya 79. Maana yake mwili unachoka. Ndiyo maana nasema amuulize daktari, asinunue mwenyewe.

Na hatari nyingine ambayo watu hawaioni: wiki ya 7 ni wiki ya 7 kweli. Mtu akimaliza kemo akakaa nyumbani miezi miwili anasubiri mashine, huyo hajafuata INTERLACE, amejitungia yake, na uvimbe unaweza kuota upya ukiwa sugu. Kijukuu, kama tarehe ya mionzi ni ya uhakika na iko mbali kidogo, muulize daktari waziwazi: "Hizi wiki za kusubiri, mama anaweza kupata carboplatin na paclitaxel, na mnatuhakikishia mionzi inafuata palepale?" Mimi huwa sipendi ndugu wanaoingia na simu kumfundisha daktari, lakini hili swali ni halali.

Mionzi ikianza, ya nje na ya ndani kwa pamoja isizidi wiki 8. Ikichelewa zaidi ya hapo uwezekano wa kupona unashuka. Siku za mvua, msiba, nauli imekata, yote yapangieni kuanzia sasa.

Mama Wawili Kimara

Kijukuu, mama yangu alitibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, ugonjwa huuhuu, na leo anauza vitenge. Ya tafiti nawaachia waliosoma. Mimi nikwambie ya mle ndani.

Kwanza damu. HB ya mama yako, yaani kipimo cha wingi wa damu, ni ngapi? Ikiwa chini cisplatin inaahirishwa, na madaktari wengi wanapenda isipungue 10 wakati wa mionzi. Pili figo. Cisplatin inapita kwenye figo, kwa hiyo kabla ya kila dripu watapima kreatinini, yaani kuona figo zinafanyaje kazi, na siku hiyo anawekewa maji mengi kwanza. Wewe unayemsindikiza ubebe kanga ya ziada, maana atakwenda chooni kila saa, na foleni ya choo unaijua. Tatu, atapimwa VVU. Asione anatuhumiwa. Wenye VVU wako kwenye hatari mara 6 zaidi ya ugonjwa huu, na daktari lazima ajue ili apange dawa.

Mionzi ya nje yenyewe haiumi, analala dakika chache, anavaa, anaondoka. Wanamchora alama kwenye ngozi, asizisugue na dodoki! Mama yangu alizisugua zikafutika, ikabidi arudi kuchorwa upya. Tumbo linaweza kuharisha kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Uji, ndizi za kuchemsha, wali mkavu. Maharage aachane nayo kwa muda.

Mionzi ya ndani ndiyo wanawake wanaiogopa, na ndiyo wengi wanaikimbia wakiona damu imekata. Msimruhusu. Damu kukata si kupona. Mwambieni mapema kwamba ataingizwa vifaa ukeni, aombe dawa ya maumivu kabla hawajaanza na si baada. Akiwa na mtu mzima wa kike wa kumshika mkono inasaidia sana.

Kama hela ni tatizo, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali kabla ya kuuza chochote. Waeleze hali halisi.

Kijukuu cha Rufiji

Asanteni sana jamani. HB ni 7.9. Altrasaundi ya figo ndiyo hatujafanya, karatasi iko mfukoni kwa shangazi tangu wiki iliyopita.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mchukue karatasi hiyo leo. Uvimbe ukibana mrija wa mkojo, figo ikavimba, hiyo si 2B tena, ni 3B, na mazungumzo yote ya juu yanabadilika, pamoja na ya pembrolizumab.

Mwalimu Nyangusi

Natoka nje ya mada kidogo. Huyo mama mdogo ana mabinti au wajukuu wa kike wa miaka 9 hadi 14? Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, kwa sasa ni sindano moja tu, Tanzania ilihamia huko 2024. Shuleni kwangu wazazi walinikatalia wakisema sindano moja ni kwa sababu serikali imeishiwa. Si kweli. Utafiti wa DoRIS ulifanyika Mwanza hapahapa kwa wasichana 930, na Kenya walifanya wa kwao, KEN SHE, kwa wasichana wa miaka 15 hadi 20: sindano moja ilizuia maambukizi ya HPV aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 ndani ya miezi 18. Hizo aina mbili ndizo zinaleta kama asilimia 70 ya saratani hii. Na nyinyi wanawake wakubwa wa ukoo mkapimwe mlango wa kizazi, kliniki za wilaya wanapima.

Kijukuu cha Rufiji

Mrejesho wakuu. Altrasaundi imefanyika, figo zote mbili ziko sawa. Kwenye CT skani tezi hazijavimba. Daktari hakukasirika nilipomuuliza habari ya kemo kwanza. Amesema anaujua utafiti huo, ila kwa HB hii hathubutu, kwanza aongezewe damu, halafu kesi yake itapelekwa kwenye jopo lao ili waone kama tarehe ya mionzi inaweza kufungwa ndipo waamue. Pembrolizumab amesema kwa hali yake haina ushahidi.

Na mama mdogo tumemuuliza. Kajibu shamba lisiguswe, na kwamba India hataki kwa sababu hawezi kuugua mahali ambapo hawajui jirani. Mjomba kanuna lakini kakubali. Binamu ameombwa atume nauli za kila siku za kutoka Mbagala badala ya habari.

Tunatafuta damu sasa. Yeye ni O chanya.

Bi Shamsa wa Ilala

Kijana wangu wa pili ni O, anakaa Buguruni. Atoe wapi?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Bi Shamsa, aje na kundi lolote, na mwingine yeyote aliye mzima hapa jamvini. Benki ya damu inapokea yote, wenyewe watampangia mama linalomfaa. Ale kwanza, asije na njaa akatuangukia. Kijukuu, mtumie jina la hospitali pembeni.