Mrejesho: Ng'ombe aliyekuwa akihema mdomo wazi, Mikindani

Habari zenu wakuu. Mimi ndiye niliyeuliza mwezi wa 11 kuhusu ng'ombe wangu chotara wa Friesian (aina ya ng'ombe wa maziwa wa kizungu) aliyekuwa akihema mdomo wazi mchana kutwa kwa joto, maziwa yakashuka kutoka lita 11 hadi 6 kwa siku. Asanteni sana mlionijibu.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kurekebisha banda. Banda langu ni la bati, fupi, limezibwa pande tatu. Nilibomoa kuta mbili upepo wa bahari upite, nikatandika makuti juu ya bati. Ndani ya siku tatu akaanza kulala na kucheua hata saa saba mchana. Nilitokwa na machozi, kusema kweli.

Maji sasa yapo kutwa nzima, pipa limewekwa kivulini. Kumbe zile ndoo mbili za asubuhi na jioni zilikuwa mateso kwake! Majani na pumba nampa alfajiri na usiku, maana mchana wa jua hakuwa akila.

Kumwagia maji kulinishinda mwanzoni. Nilimlowesha banda likiwa bado limezibwa, akazidi kuhema. Unyevu wa pwani haukaushi kitu pasipo upepo. Baada ya kubomoa kuta ndipo kukafaa.

Maziwa yamefika lita 9, hayajarudi 11. Mimba bado: amehimilishwa (kuwekewa mbegu za dume bila kupandwa na dume) mara mbili, hajashika. Mtaalamu wa mifugo ameshauri tusubiri Juni, baridi ikiingia, tujaribu tena.