Samaki hufuata chambo cha manyoya kisha hugeuka: kosa liko wapi?

Swali

Ndugu wavuvi, salaam. Ninafunga vyambo vya manyoya vya kuiga dagaa, vyenye urefu wa sentimita 9 hivi, kwa ndoana namba 1/0. Vikiwa mezani vinapendeza na vimenona, lakini baharini samaki huvifuata hadi karibu na miguu yangu, wakavitazama, kisha wakageuka bila kuuma. Tena, kila nirushapo mara tatu nne, mkia hujisokota kwenye mpindo wa ndoana. Nimebadilisha rangi mara nyingi bila mafanikio. Je, kosa ni la ufungaji au la uvutaji?

Jibu la kwanza

Ndugu, nadhani kosa umelitaja mwenyewe uliposema kwamba vimenona. Dagaa mdogo majini hupitisha mwanga, hata kinachoonekana ni jicho, mstari wa fedha ubavuni na mgongo uliokoza kidogo. Chukua nywele za mkia wa kulungu, kila fungu lisizidi unene wa njiti ya kiberiti, nyeupe kwa tumbo na za kijani kilichofifia kwa mgongo, na katikati uweke nyuzi mbili tu za kumetameta. Bob Clouser, mfungaji vyambo wa Marekani, alifunga macho mazito ya madini ya risasi kwenye shina la ndoana, na kwa sababu hiyo ndoana hupinduka, ncha ikatazama juu, na chambo huzama kichwa mbele kila unapoacha kuvuta. Alikikusudia kwa samaki wa mtoni, lakini wa baharini nao wamekipenda.

Kuhusu mkia, Lefty Kreh, mvuvi mwingine mashuhuri wa Marekani, alilitatua jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kufunga manyoya marefu nyuma kabisa ya shina, karibu na mpindo, yasipate nafasi ya kuuzunguka. Mmarekani mwingine, Bob Popovics, naye alifunika sehemu ya mbele ya nywele kwa epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu. Siku hizi wengi hutumia gundi inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno: mimi hupaka tone dogo, nikaizungusha ndoana polepole ili gundi isining'inie upande mmoja, ndipo nikaimulika. Angalia tu isijaze nafasi iliyo kati ya shina na ncha, maana ndoana haitashika.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu unene, ila mimi ningeanza na urefu. Samaki waliozama katika kundi la dagaa wa sentimita 4 hawana haja na kitu cha sentimita 9. Shuka hadi ndoana namba 4 au 6, ukikumbuka kwamba hapa namba ikipanda ndoana hupungua. Samaki uliyemvua akitapika dagaa, wapime kwa kidole chako papo hapo. Hicho ndicho kipimo cha kufungia.

Uvutaji nao una sehemu yake. Elekeza ncha ya ufito chini, karibu iguse maji, uvute kwa mkono vipande vifupi visivyolingana, kisha uache kidogo, kwa kuwa wengi huuma chambo kinapozama. Akiuma, usiinue ufito. Endelea kuvuta uzi mpaka uhisi uzito wake. Hata akikosa, chambo kitakuwa bado mbele yake, na huenda akarudia.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Nilivilowesha vyambo vyangu vya zamani katika kikombe cha maji, nikaona kwamba nywele zilikuwa mara tatu ya zinazohitajika. Nimefunga vinne vipya kwa ndoana namba 4. Leo wamenifuata samaki watatu, wawili wakauma, na wa tatu nilimpoteza kwa kuinua ufito kwa mazoea. Hata hivyo, ndoana moja niliyoiacha na wenzake kisandukuni imeanza kutu.

Jibu la pili

Itoe mara moja, kwani kutu yake itachafua nywele za wenzake. Suuza vyambo vyote kwa maji yasiyo na chumvi, vianike usiku kucha kisanduku kikiwa wazi, na vile unavyovitegemea zaidi vifunge kwa ndoana za chuma kisichoshika kutu.