Mlima Kenya kwa watu wa Malindi: Sirimon hadi Chogoria

Swali: Hamjambo wakuu. Tuko wanne, tunapanda kwa njia ya Sirimon tushukie njia ya Chogoria. Siku 4 zatosha? Na ile changarawe chini ya kilele cha Lenana hupandwa vipi?

Jibu 1: Nne ni chache kwa mtu wa usawa wa bahari, ndugu yangu. Wekeni 5. Lango la Sirimon liko kama mita 2,650, kambi ya Old Moses 3,300, kambi ya Shipton's 4,200. Ule mruko wa mita 900 kwa siku moja ndio huangusha watu kwa ugonjwa wa mwinuko, wenye mbio kwanza. Laleni Shipton's usiku 2. Kichwa kikigonga na mtu akitapika au akipepesuka, ateremshwe papo hapo, hata saa nane usiku. Vidonge havishiki nafasi ya kushuka.

Jibu 2: Changarawe ipandeni kuanzia saa tisa usiku, baridi ikiwa bado imeigandisha. Jua likiipiga hulegea, ukipiga hatua mbili unarudi moja. Kanyaga kwa wayo mzima, hatua fupi, kwa mshazari. Msipande mmoja chini ya mwenzake: jiwe analolitibua wa juu humshukia wa chini. Kileleni, mita 4,985, upepo husukuma, kwa hivyo magongo yafupisheni na mikono iwe huru kushika mwamba.

Swali: Kikoi je, shingoni?

Jibu 2: Kiache Malindi, bwana. Pamba ikilowa jasho haikauki huko juu. Chukua sufu.