Vitabu vya mitumba vya vita vya Makaburu: nianzie wapi, na pwani hii nivitunzeje?

Msomaji_Chumbageni
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Tanga mjini. Nataka kujaza rafu moja ya vitabu vya zamani kuhusu Makaburu: vita vyao na Mwingereza vya 1899–1902, na jinsi walivyokuja kupigana huku kwetu 1916. Mfuko mdogo. Kuna muuzaji ananiuzia *Marching on Tanga*, anasema ni toleo la kwanza na kinaeleza mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Nichukue? Na hili joto na chumvi ya bahari, karatasi itapona?

Mzee_wa_Juzuu
Marahaba. Huyo muuzaji hajakifungua. Kitabu hicho cha Francis Brett Young, daktari wa jeshi, kinahusu msafara wa 1916 wa kuteremka bonde la mto Pangani chini ya Jenerali Smuts. Wahindi na Waingereza walioshuka Ras Kasone 1914 na kutimuliwa na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ni habari nyingine kabisa. Toleo la kwanza ni la 1917, kwa hiyo mwombe picha ya nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Akikuletea picha ya jalada tu, subiri.

Kwa mfuko mdogo, fuata watu badala ya kufuata vita. Smuts na Van Deventer walikuwa makamanda wa Kikaburu dhidi ya Mwingereza. 1916 hao hao wakaongoza majeshi ya Mwingereza hapa, Van Deventer akafika hadi Kondoa Irangi. Deneys Reitz, naye Kaburu aliyepigana vita vyote viwili, anakuvusha daraja hilo: *Commando* (1929) ni vita vya Makaburu, na *Trekking On* (1933) kinamfikisha Afrika Mashariki. Cha kwanza kimechapwa tena mara nyingi, usilipe bei ya 1929 kwa nakala ya juzi.

Conan Doyle alitoa *The Great Boer War* mwaka 1900 vita vikiwa bado vinaendelea, akawa anaongeza sura hadi 1902. Nakala ya 1900 ni nzuri kwa rafu, lakini kwa kusoma ni pungufu: vita vya kuvizia na kambi za mateso havimo ipasavyo. Na usiwaachie wazungu peke yao wasimulie. Shajara ya Sol Plaatje, Mwafrika aliyekuwa ndani ya mji wa Mafeking ulipozingirwa na Makaburu, ilichapwa 1973, na bado hupatikana kwa bei ya kawaida.

Ramani_Kwanza
Naongezea upande wa ukaguzi. Vitabu hivi hufa kwa ramani. Historia rasmi ya Waingereza ya vita vya Afrika Mashariki, ya Hordern (1941), ni juzuu la kwanza tu, linaishia Septemba 1916. La pili halikuwahi kutoka. Ukiambiwa "seti kamili ya juzuu mbili", funga mazungumzo. Collyer, *The South Africans with General Smuts* (Pretoria, 1939), nacho ni kitabu cha ramani. Chukua orodha ya ramani na picha iliyo mwanzoni, mwombe muuzaji ahesabu moja moja, kisha apige picha zikiwa zimekunjuliwa. Mpasuko huanzia kwenye mikunjo, hasa pale inapokutana.

Jihadhari pia na nakala za skani: jalada jipya linalong'aa, karatasi nyeupe pee, na ramani iliyobanwa ikaenea ukurasa mmoja, majina hayasomeki. Kwa kusoma maandishi zinafaa. Kwa kukusanya, hapana.

Ukigusa vya Kijerumani, vya enzi hizo vingi vimechapwa kwa herufi zile za kale, ambazo s ndefu unaweza kuidhania f. Lettow-Vorbeck ana viwili vya mwaka mmoja, 1920: *Meine Erinnerungen aus Ostafrika*, ambacho ndicho kumbukumbu zake kamili, na *Heia Safari!*, alichoandikia vijana. Wauzaji huvichanganya.

Dada_Mtunzaji
Sasa hewa ya Tanga. Unyevu ukipita asilimia 65 kwa muda, ukungu unaota. Kitabu kipya kisiingie rafuni siku ya kwanza. Kama kina ukungu mkavu, toka nje, vaa barakoa, upanguse kwa brashi laini kutoka ulipo mgongo kwenda nje. Kianike kivulini penye upepo. Jua kali linapinda majalada na kukausha gundi ya mgongo mpaka inapasuka.

Kwa wadudu, friza. Funga kitabu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiache wiki mbili kwenye friza ya nyumbani ya nyuzi −18 hivi. Umeme ukikatika kikayeyuka, anza kuhesabu upya (na huku kwetu utahesabu sana). Kikitoka, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya karatasi. Baridi inaua mdudu na mayai yake, ukungu inausimamisha tu.

Rafu isiguse ukuta wa nje, acha sentimita 10, na kutoka sakafuni vivyo hivyo kwa sababu ya mchwa. Nailoni na vidonge vya naftalini ndani ya kabati lililofungwa, hapana. Selotepu usiithubutu: gundi yake inageuka kahawia na kuingia ndani ya karatasi.

Kilicho hatari zaidi ni kurasa za picha za karatasi inayong'aa. Zikilowa zikakauka zimefungwa, zinagandana na huzitenganishi tena. Zikilowa, tenganisha papo hapo.

Msomaji_Chumbageni
Ahsanteni sana. Hordern nimempata, ila ramani mbili zimetolewa. Bei nimpe ngapi?

Ramani_Kwanza
Nusu ya nakala kamili, isizidi. Na kwa fedha itakayobaki, tafuta utenzi wa Hemedi bin Abdallah wa vita vya Wadachi (Wajerumani) kutamalaki Mrima, toleo la 1960 la East African Literature Bureau. Ni vita vya Bushiri, mwambao huu huu wako. Angalia pini za mgongo kama zipo: kutu yake hula karatasi, zing'oe taratibu na ushone kwa uzi wa pamba.