Fundi kapima gesi boila ikiwa imezimwa, kaniambia "presha ipo safi". Miezi minne naoga maji ya baridi!

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo moyoni hadi limechacha.

Nilifungiwa boila ya kilowati 30, mtambo wa kupasha maji ya nyumbani, ya gesi asilia. Siku ya kwanza ikawaka, fundi akachukua chake akaondoka. Kasheshe ikaanza wiki ya pili. Ukifungua koki ya kunawia, maji yanakuja moto vizuri tu. Ukifungua bafu, boila inanguruma, inapanda, inakohoa mara mbili, inazima na kuwasha taa nyekundu. Jiko likiwa linawaka ndiyo kabisaa.

Nikamwita. Akachomeka manomita, yaani kipima presha ya gesi, ikasoma milibari 22, akanigeuzia nione kama mtu anayeonyesha cheti: "Bosi, presha ipo safi. Hiyo ni bodi." Nikanunua bodi, ile saketi ya umeme inayoiendesha boila. Ikazima vilevile. Akarudi: "Basi ni vali ya gesi." Nikanunua na vali. Ikazima vilevile!

Sasa sikieni. Mara zote hizo alipima boila ikiwa IMEZIMWA. Gesi iliyotulia haipotezi presha. Hata angeniungia mrija wa soda kutoka kwenye mita ya gesi, angesoma 22 ileile.

Fundi wa pili nilimpata kwa kubahatisha. Hakuigusa boila. Alianzia kwenye mita, akalifuata bomba kwa kiganja huku anahesabu kwa sauti: mita 11 za bomba, elbo 8, yaani viungo vya kona. Kila elbo akaihesabu kuwa nusu mita, maana kona nazo zinaikaba gesi. Jumla 15. Kisha akafungua maji ya moto hadi mwisho, akaiacha boila ichome kwa nguvu zake zote, ndipo akachomeka manomita. Ile 22 ikashuka hadi 15. Akawasha na jiko, plate zote nne. 12, na boila ikazima mbele ya macho yetu. Dakika kumi, bila kununua kitu chochote.

Tatizo ni bomba. Lote ni la shaba la milimita 15. Boila ya kilowati 30 inakula karibu mita za ujazo 2.8 za gesi kwa saa. Bomba la 15, kwa safari ya mita 15, linapitisha kama 1.1 tu ukitaka presha isishuke zaidi ya milibari 1. La 22 linapitisha kama 3.4. Mtu anaona tofauti ni milimita saba, anapuuza, kumbe kwa gesi kiasi kilekile la 22 linapoteza presha kama sehemu moja ya saba ya inayopotea kwenye la 15. Na kile kipande cha kutoka kwenye mita hadi tii ya jiko, pale bomba linapogawanyika, kinabeba gesi ya vyombo viwili, kwa hiyo hapo hata 22 ni ndogo, anataka 28.

Nikampigia yule wa kwanza. Unajua alijibu nini? "Boila yenyewe imetoka kiwandani na tundu la 15, mimi ningefunga la 22 kwa nini?" Jamani! Tundu ni sentimita chache, safari ni mita 15. Mlango wa nyumba ukiwa mwembamba ndiyo barabara nzima uijenge upana wa mlango?

Hilo la kuoga baridi ningelisamehe. Lililonitoa jasho ni skrubu ya kurekebishia gesi. Vali niliyonunua ilikuja na skrubu iliyozibwa kwa rangi kiwandani. Fundi wa pili akamulika tochi: rangi imepasuka, skrubu imezungushwa. Yaani jamaa alipoona boila inazima, akaongeza gesi kwa kubahatisha, bila kifaa cha kupima moshi unaotoka kwenye boila. Uwiano wa gesi na hewa ukivurugika, moto hauungui vizuri, inatoka monoksidi kaboni, ambayo haina harufu wala rangi. Mimi na wanangu tunalala ukuta wa pili. Sasa hivi koki ya gesi imefungwa, boila haiwashwi mpaka skrubu irekebishwe na moshi upimwe.

Ndani ya ukuta tukakuta jointi ya kukaza kwa nati, imefukiwa na plasta. Povu la sabuni likatoa viputo vidogovidogo pale pale. Yeye siku ya kufunga alijikagulia kwa kunusa.

Nimemwambia arudishe pesa ya bodi, ya vali na ya kazi. Anasema atakuja kubadilisha bomba ila kuvunja na kurudishia vigae ni juu yangu. Na mimi simtaki tena ndani kwangu, hata bure.

Aliyewahi kumdai fundi wa namna hii akalipwa, aje aniambie alianzia wapi. Picha za manomita ninazo, zote mbili, ya 22 na ya 12.