Vipuri "vyepesi" vya kinga (baiskeli) hapa L'shi (Lubumbashi): mizani iko wapi?

Spoki36:

Bandugu, jambo. Baada ya jambo, hasira.

Pita kwenye meza za wauza vipuri vya kinga za mashindano, soko la mtaa wa Kenya au katikati ya mji, shika chochote kisha uulize swali moja: hii ina gramu ngapi? Muuzaji atakirusha juu, atakidaka kwa vidole viwili na kukwambia "unaona, papa? Ni unyoya." Basi, bei imepanda dola 40. Unga una meka (kopo la kupimia) yake, samaki wana mizani yao, ila kitu kinachouzwa kwa sababu ya uzito wake ndicho hakipimwi na mtu! Mizani ya jikoni ya kilo 5 haifiki bei ya pine (tairi) moja nzuri. Hawaileti kwa sababu wanajua itasema nini.

Chukua gidoni (usukani) la "kaboni". La kweli, upana wa sentimita 42, lina gramu 190 hadi 230. La aluminiamu ya kawaida lina 260 hadi 300. Likija la gramu 275 ujue ni aluminiamu iliyovalishwa karatasi ya kaboni. Chungulia ndani ya mdomo wa bomba, utaona inavyong'aa. Na afadhali liwe hivyo, maana gidoni la kaboni lisilo na jina la kiwanda hukatika bila kutoa onyo.

Boliti za titani? Titani ina uzito wa kama asilimia 57 ya ule wa chuma. Badilisha boliti zote sita za shingo ya gidoni, umeokoa gramu 10 hivi, na umelipa zaidi ya dola moja kwa kila gramu. Mwaga funda moja la maji kwenye chupa, umewashinda.

Mafundi nanyi msijifiche nyuma ya wauzaji. Nani aliwafundisha kutoboa plato (gurudumu la meno la mbele)? Matundu 20 ya milimita 6, kwenye plato ya aluminiamu yenye unene wa milimita 3.5, yanatoa gramu 5 na kidogo. Tano! Mtu analipia drili asubuhi nzima, anaondoka na plato inayopinda akisimama juu ya pedali. Kuna hata wanaotoboa bomba la kiti. Ufa huanzia kwenye tundu, na bomba lililokatika hubaki limesimama chini yako kama mkuki.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 69 na kinga ya kilo 11, jumla 80. Ondoa kilo nzima: kwenye mlima wa asilimia 7 wenye kilomita 5 utapata kama sekunde 15. Mlima huo hapa kwetu uko wapi? Kipushi ni kilomita 30 hivi, Kasumbalesa kama 90, Likasi kama 120, na kote huko barabara inapanda kwa upole tu. Kwenye tambarare kilo hiyo huioni. Unachokiona ni pine. Kati ya pine kavu ya bei rahisi na pine laini nzuri kuna tofauti ya karibu wati 20 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, hata zikiwa na uzito mmoja. Kwa anayesukuma wati 160, hiyo ni sehemu moja ya nane ya jasho lake.

Kwa hiyo mwenye dola 100 aanzie kwenye mpira. Pine ya waya ya 700×25 ina gramu 320 hadi 400, ya kukunjwa 210 hadi 250. Mpira wa ndani wa kawaida una 100 hadi 110. Ule wa TPU, plastiki laini ya rangi rangi, 35 hadi 45, na mtandaoni unapatikana kwa dola 5 hadi 10. Jozi ya pine na jozi ya mipira hiyo: kama gramu 350, na spana bado iko mfukoni. Vya bure navyo usivisahau: stendi ya kuegemezea ina gramu 300 hivi, na kuna ile sahani ya plastiki nyuma ya kaseti (meno ya gia za nyuma). Taa na vioo vya kuakisi viache mahali pake, malori ya shaba hayajui kwamba unapunguza uzito.

Magurudumu ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Jozi iliyokuja na kinga ya bei ya chini ina kilo 2 hadi 2.4. Jozi nzuri ya aluminiamu, hata iliyotumika, inashuka hadi kilo 1.6. Hapo kuna faida ya kweli. Lakini kabla ya kulipa, shika rula. Pima nafasi iliyo kati ya miguu ya nyuma ya fremu, kwa ndani: milimita 120 ni kinga ya zamani ya gia 5 nyuma, 126 ni ya 6 au 7, 130 ni ya 8 hadi 11. Muuzaji anakwambia "itaingia tu". Itaingia, ndiyo, kwa goti. Fremu ya chuma ya 126 inapanuliwa hadi 130, milimita 2 kila upande, kisha masikio yanayoshika ekseli yanyooshwe yaangaliane. Fremu ya aluminiamu haipanuliwi, itapasuka kwenye maungio. Pima pia janti (rimu). Kinga nyingi za zamani za Kiingereza zina janti za inchi 27, yaani milimita 630. Hizi za 700 ni 622. Raba za breki lazima zishuke milimita 4. Mikono ya breki isipofika, raba itasaga pine badala ya kushika janti, na pine itapasuka ukiwa kwenye mwendo.

Hayo yote muuzaji anayajua. Hayasemi.

FundiKatuba:

Yaya Spoki, kuhusu plato nakubali, ni aibu yetu. Ila wateja nao wana yao. Mtu anakuja na mipira ya TPU, anataka ifungwe juu ya janti yenye utepe uliochakaa. Mpira huo ni mwembamba: tundu moja la spoki likiwa wazi, unaingia humo na kutoboka siku hiyohiyo. Weka utepe mpya unaofunika matundu yote. Usiujaze upepo ukiwa nje ya pine, utavimba na hautarudi. Nati ya valvu kaza kwa vidole tu, na ukitoa pampu shikilia valvu, kwa sababu mahali inapoungana na mpira ndipo panapochanika. Viraka vya kawaida havishiki, nunua vya TPU pamoja na mpira.

Na soma kibandiko: mingine imeandikwa kwamba ni ya breki za diski tu. Ukibana janti kwenye mteremko mrefu joto linaifikia.

Jambo la pili: acheni kusema kwamba gramu moja kwenye janti ni sawa na mbili. Ni karibu na kweli wakati wa kuchochea mwendo. Ukishafika kwenye mwendo wako, au unapopanda bila kubadilisha kasi, gramu ni gramu popote ilipo.

MamaRulibre:

Mmesahau balaa la uzi, ule wa kufungia kama wa parafujo. Kinga za Kifaransa za zamani zipo nyingi mjini. Krenki (mikono ya pedali) zake zinachukua pedali za milimita 14, hatua (nafasi kati ya nyuzi) ya 1.25. Pedali nyepesi za kisasa ni inchi 9/16, sawa na milimita 14.3. Tofauti haionekani kwa macho, fundi anasukuma kwa spana ndefu, aluminiamu ya krenki inaliwa, umepoteza krenki na pedali. Vikombe vya ekseli ya pedali ndiyo hivyohivyo: Kifaransa ni 35×1 na pande zote hufungwa kuelekea kulia. Kiingereza ni inchi 1.37, nyuzi 24 kwa kila inchi, na kikombe cha upande wa cheni kinafungwa kinyume. Namba zimechongwa kwenye kikombe chenyewe. Futa grisi, soma, ndipo utoe pesa.

KivuJuu:

Huku Bukavu kilo moja tunaiona sana, toka ziwani ukipanda hakuna pa kupumzikia. Lakini hata huku gramu si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni gia. Watu wanakaa na plato za 52 na 42, nyuma 23, halafu wanatafuta kiti cha kaboni. Tafuta krenki ambayo mduara wa boliti zinazoshika plato ni milimita 110, inakubali plato ya meno 34. Ile ya 130 haishuki chini ya 38, usidanganywe. Nyuma weka 28, ndiyo mwisho wa derayeri (kibadilisha gia) nyingi za zamani zenye mkono mfupi. Itaongeza gramu kadhaa kwenye kaseti. Ziache ziongezeke.

Kuhusu mipira ya TPU na breki za janti, FundiKatuba amesema vizuri mno. Huku kwetu kwenye miteremko hiyo, hapana.

Kampemba_88:

Na foku (uma wa mbele) ya kaboni iliyotumika? Naona zinauzwa, eti zinaokoa gramu 400.

MamaRulibre:

Gramu 400 ni kweli, ya chuma ina 750 hadi 900. Lakini kwanza angalia bomba la foku linaloingia kwenye fremu limekatwa urefu gani. Likiwa fupi kwa fremu yako, hakuna dawa. Halafu safisha, piga mwanga wa simu kutoka pembeni, tafuta mstari mahali bomba linapoingia kwenye taji na kwenye ncha zinazoshika gurudumu. Gonga kwa sarafu pole pole: sauti ikibadilika kutoka kali kuwa butu, rudisha. Ikiwa muuzaji ameipaka rangi mpya, usigonge hata. Ondoka.

Na kukaza boliti za shingo ni nyutonimita 5. Kama hakuna spana maalumu: funga mizani ya kuning'iniza kwenye mkono wa ufunguo, sentimita 10 kutoka kwenye boliti, vuta kwa pembe mraba mpaka isome kilo 5. Hiyo ni 4.9. Boliti za uso wa shingo zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, nafasi ya juu na ya chini zilingane.

Spoki36:

Aksanti MamaRulibre. Basi kwenye mjadala huu anayetaja kipuri aweke picha kikiwa juu ya mizani. Kiti: kile cha jeli nene kina gramu 400 hadi 500, cha kawaida kizuri 250, na ni rahisi kukipata kimetumika. Kile cha kaboni tupu cha gramu 120 mwachie asiye na mifupa. Cheni nyepesi yenye pini za tundu inaokoa kama gramu 20. Afadhali upime iliyopo: jozi 12 za viungo zikifika milimita 306.5 badala ya 304.8, ibadilishe kabla haijala kaseti. Na vumbi letu jekundu la kiangazi, hiyo haichukui muda.

Kampemba_88:

Sawa wakubwa. Nani anataka plato yenye matundu 20?

FundiKatuba:

Ina gramu ngapi?